Mjadala: Mtoto wa Pemba anamjua twiga, popo hamjui. Hii elimu ya uhifadhi inaenda wapi?

Asalaam aleikum jamani. Mie nipo Wete. Juzi mwanangu wa darasa la sita karudi skuli na daftari, kaandika kwa hati nzuri kabisa "tutunze wanyama pori". Nkamuuliza wepi hao, akanambia simba, tembo na twiga. Nkamwambia na popo wetu mkubwa wa Pemba je? Akacheka! Mnyama ambaye dunia nzima hapatikani ila kisiwa hichi, yeye anamuona mharibifu wa maembe tu, na msitu wa Ngezi hapo, ukishatoka Konde umefika, hajapata kutia mguu.

Mie nasema watoto watolewe darasani, wakauone mpapindi, mti wetu wa jamii ya mnazi, kwa macho yao, wende Kidike wanapohifadhiwa popo mchana wawatizame popo wananing'inia wanajipepea kwa mbawa joto likizidi. Zamani tulikuwa tukiwala hawa, bunduki zilipozidi ndo wakataka kwisha, mpaka 1996 wakatiwa daraja la walio hatarini kabisa kutoweka. Ikapita elimu vijijini na maskulini, uwindaji ukabanwa, 2008 wakateremshwa daraja la hatari, na leo wageni wanalipa kuja kuwaona. Kwa hiyo sibishi elimu, nabisha hii ya kunakili ubaoni.

Mchangiaji wa Konde:
Samahani mleta mada, nyie wa mjini mnaupenda msitu kwa vile haukuleteeni tumbili. Mie muhogo wangu wanang'oa, wanauma mara moja wanautupa, wanang'oa mwengine. Halafu mtoto anarudi skuli ananambia baba usikate mti, na chai alokunywa asubuhi imechemshwa kwa nini kama si kuni? Mpeni mama yake mtungi wa gesi kwanza, hayo mengine tutaongea.

Mchangiaji mwalimu, kusini Unguja:
Wote mna haki lakini nsikilizeni. Huku kima mwekundu tukimwita punju kwa maana ya sumu, wazee wakisema mti anaoukalia hufa. Wakulima wakilalamika anamaliza vidaka vya nazi, miaka ya 90 wakaja watafiti wakahesabu minazi, wakakuta ile anayoila haizai kidogo kuliko mingine. Hilo nlikuwa nalisema darasani hakuna anayejali. Siku nlowapeleka wanafunzi karibu na msitu wa Jozani, kima kashuka kachukua kipande cha mkaa kwenye jiko la mama mmoja, kapanda nao juu ya mkungu anautafuna kama biskuti, watoto kimya! Kumbe ni dawa ya tumbo, majani ya mkungu na mwembe yanamsumbua, mkaa unamtuliza. Mpaka leo wananiuliza habari za kima. Tatizo ni gari. Tulichangisha wazazi, karibu nusu ya darasa wakabaki kwa kukosa nauli, na hao walobaki ndo watoto wa wakata kuni hasa.

Mleta mada:
Hapo kwenye nauli mwalimu umenimaliza. Na wewe kaka wa Konde, la kuni sina jawabu, hata kwangu tunapikia mkaa. Huko Unguja nako nnajua wakulima wanaopakana na Jozani hupata fungu katika pesa za watalii, nyie mngedai kama hivo. Lakini watoto wakija Ngezi ntataka wewe ndo uwahadithie, na hayo ya muhogo usiyafiche.

Mchangiaji wa Konde:
Kuja ntakuja yakhe. Ila siku hiyo nani ataniamia shamba, tumbili wasiingie?