Mtoto wa miaka 11 kuongoza okestra ya watu wazima, ni kukuza kipaji au kumtumia? Tujadili

Wadau naomba tulijadili hili kwa hoja. Kila ikisambaa video ya mtoto anapunga fimbo mbele ya okestra watu wanagawanyika, hawa wanasema acheni kipaji kionekane mapema, wale wanasema mnamharibia utoto wake. Na wanaotetea lazima wamtaje Lorin Maazel, yule kiongozi wa okestra Mmarekani aliyeanza kuongoza akiwa mtoto. Mi nasema wanaomtaja Maazel wanasimulia nusu tu ya maisha yake, na nusu waliyoiacha ndo yenye jibu.

Jamaa kazaliwa 1930 Neuilly, Ufaransa, wazazi Wamarekani, kakulia Marekani. Ana miaka 7 anafundishwa kuongoza na Vladimir Bakaleinikoff, ana miaka 8 tayari yuko mbele ya okestra, na 1941 akiwa na miaka 11 Toscanini mwenyewe, kiongozi maarufu wa okestra kutoka Italia ambaye wanamuziki walikuwa wanamwogopa kwelikweli, akamwalika aongoze okestra ya redio ya NBC ya Marekani. Inasimuliwa kwamba siku ya mazoezi wale watu wazima walimpokea huku wananyonya pipi za kijiti, yaani dogo rudi ukacheze. Dogo akaanza, mmoja akakosea noti, akaisimamisha okestra nzima akamrekebisha. Dharau ikaishia hapo.

Watu wanaipenda sana hiyo stori. Mimi inaniumiza, maana mtoto wa miaka 11 hakupaswa kupambana na dharau za watu wenye umri wa baba yake ili tu afanye muziki. Na tusichanganye mambo, kuongoza okestra sio sawa na kupiga piano. Mtoto wa piano akikosea anarudia peke yake chumbani mpaka anyooshe, ila anayeongoza hatoi sauti yoyote, chombo chake ni watu themanini au mia, wamechoka, wana misimamo yao, na kila mmoja anakijua chombo chake kuliko yeye. Sikio na kumbukumbu Maazel alikuwa navyo toka utotoni, lakini kuishi na watu na kuwasikiliza hakuji na kipaji, kunakuja na miaka.

Sasa nusu inayoachwa ni hii. Kati ya miaka 9 na 15 aliongoza okestra kubwa nyingi za Marekani, halafu alipokua ile ajabu ya mtoto ikaisha. Akaenda Chuo Kikuu cha Pittsburgh akasoma lugha, hisabati na falsafa, na 1948 akaingia okestra ya Pittsburgh kama mpiga fidla. Hebu fikirieni, mtu aliyewahi kusimama mbele ya okestra ya NBC sasa amekaa kwenye kiti na fidla yake anasubiri ishara ya mwingine, anasikia wanamuziki wanavyomsema kiongozi akiwapa mgongo! Baadae akaenda kusoma Italia, 1953 hukohuko mjini Catania akashika nafasi ya kiongozi aliyeugua, na 1960 akawa Mmarekani wa kwanza kuongoza Bayreuth, tamasha la opera za Wagner kule Ujerumani. Okestra ya Cleveland, opera ya taifa ya Vienna, okestra ya New York Philharmonic 2002 mpaka 2009, yote hayo yamekuja baada ya kile kiti, sio baada ya zile pipi.

Najua mtaniambia bila kuanza mapema asingepata lile sikio. Sawa, kujifunza mapema nakubali kabisa, ninachokataa ni jukwaa. Na hata yeye gharama ilibaki, wahakiki miaka yote walimsifia ufundi halafu wakasema muziki wake wakati mwingine una ubaridi, Cleveland wanamuziki wengi hawakumtaka alipoteuliwa, Vienna aliondoka 1984 kabla mkataba haujaisha, na 1989 okestra ya Berlin Philharmonic walipomchagua Claudio Abbado awe kiongozi wao badala yake, alikasirika mno. Siwezi kuapa kwamba utoto ndo ulisababisha, ila mtu aliyezoeshwa toka na miaka 11 kuwa sahihi mbele ya wakubwa sishangai akikosa uvumilivu na watu.

Kwahiyo msimamo wangu ni kwamba mtoto afundishwe, apige chombo ndani ya okestra ya wenzake, aongoze watoto wa rika lake hata kila wiki, ila asiuziwe tiketi kwa sababu ya umri wake. Mnaopinga nijibuni hili tu: mtoto akisubiri mpaka miaka 18 kusimama mbele ya okestra ya watu wazima, ni kitu gani hasa muziki unapoteza? Na mtoto anapoteza nini?