Kaka yangu ana skizofrenia, nami nimeletewa posa. Watoto wangu wataurithi?

Binti Kibokoni
Assalaam aleikum. Nina miaka 27. Kaka yangu anayenitangulia alianza kuugua akiwa na miaka 21. Alikuwa akifunga madirisha mchana kweupe, akisema jirani anamsikiliza kupitia feni ya dari. Tukampeleka kwa shekhe, akanyweshwa kombe siku saba. Ile sahani iliyoandikwa kwa zafarani mama angali ameiweka kabatini. Hospitalini ndiko tulikoambiwa ni skizofrenia. Sasa anachomwa sindano kila mwezi na anauza madafu karibu na Ngome.

Mwezi uliopita ikaja posa, na kijana mwenyewe namtaka. Lakini shangazi yake alikuja akaketi barazani, akamuuliza mama: "Hicho kichaa cha mwanao ni cha damu?" Mama hakujibu. Aliendelea kumimina kahawa mpaka kikombe kikafurika.

Babu mzaa mama naye husemwa alikuwa amepagawa. Naomba jibu la kweli, si la kunipoza moyo.

Muuguzi wa Kisauni
Mwanangu, damu ina sehemu yake, tena kubwa. Ila haipiti vile anavyodhani shangazi. Selimundu, ule ugonjwa wa damu, ni wa jeni moja: baba na mama wakiibeba wote wawili, kila mimba ina nafasi 1 kwa 4 ya kupata mgonjwa. Skizofrenia hutokana na tofauti ndogondogo nyingi mno za jeni, kila moja ikisukuma kidogo tu. Utafiti mkubwa wa mwaka 2022 ulibainisha sehemu 287 za jenomu, yaani jumla ya urithi wetu wote, zinazohusiana na ugonjwa huu. Kila aliyekuwa barazani siku ile anazo baadhi ya tofauti hizo, shangazi akiwemo.

Hesabu tunazofundishwa ni hizi: mtu yeyote, takriban 1 kwa 100. Wewe uliye ndugu wa mgonjwa, takriban 9. Wanao, ambao yeye ni mjomba wao, takriban 4. Yaani 96 hawaugui. Hata kwa mapacha wa kufanana, wenye jeni zilezile, mmoja akiugua mwenzake huugua takriban mara nusu tu. Na hakuna kipimo cha damu cha kukwambia nani ataugua.

Kuhusu babu, ulizia aliugua nini hasa. Wazee wetu waliita mengi "kupagawa".

Kijana wa Kilifi
Niongeze hapo. Sampuli nyingi za tafiti hizo ni za watu wenye asili ya Ulaya. Ndiyo sababu ya utafiti wa NeuroGAP-Psychosis, uliokusanya mate ya watu wa Kenya, Uganda, Ethiopia na Afrika Kusini. Sisi pwani tunastahili kujulikana jeni zetu.

Mama Majengo
Dada, kaka alikuwa akitafuna muguka, ile aina ya miraa, au kuvuta bangi? Ukoo wenye ugonjwa huu, vijana wakae navyo mbali kabisa. Hilo mtawafundisha watoto mapema.

Binti Kibokoni
Muguka, ndiyo, tangu kidato cha tatu. Nyote Mungu awalipe. Mchumba nitamweleza mwenyewe Ijumaa, na hiyo 4 kwa 100 nimeiandika kwenye karatasi.

Jana usiku nimemuuliza mama kuhusu babu. Asema alikuwa akianguka ghafla, akitetemeka na kutoka povu mdomoni, kisha akizinduka hakumbuki lolote. Muuguzi, hicho si kifafa?