Naomba ushauri: akwariamu ya kwanza ya maji ya chumvi na matumbawe, hapa Mbeya, kwa fedha kidogo

Mwalimu wa Soweto, Mbeya

Ndugu wanajamvi, salaam. Mimi ni mwalimu wa sekondari, na kwa miaka minne nimefuga samaki wa maji baridi bila tatizo kubwa. Likizo iliyopita nilikwenda Mafia, nikaelea juu ya miamba ya matumbawe nikiwa na miwani ya kuogelea, na tangu siku hiyo nimekuwa na nia moja: wanafunzi wangu, ambao wengi wao hawajawahi kuiona bahari, wakione walau kipande chake. Nimetenga shilingi laki nane, nami niko tayari kuzitumia polepole kwa mwaka mzima. Fundi vioo amekubali kunitengenezea tangi la sentimita 80 kwa 35 kwa 40, yaani lita zipatazo 110. Je, chumvi ya Uvinza au ya Bagamoyo inayouzwa sokoni inaweza kuchukua nafasi ya chumvi maalumu ya akwariamu? Je, ninaweza kuokota mawe ya matumbawe ufukweni? Na je, baridi ya huku itaniruhusu?

Mama wa Kihesa, Iringa

Mwalimu, hongera kwa nia hiyo. Nianze na chumvi, kwa kuwa hapo ndipo wengi wanapoharibikiwa. Chumvi ya kula haifai, hata iwe safi namna gani. Maji ya bahari yanapokaushwa katika mashamba ya chumvi, madini yenye kalsiamu hutangulia kuganda, kisha hufuata chumvi yenyewe, na sehemu kubwa ya magnesiamu hubaki katika maji machungu yanayomwagwa. Kinachofika sokoni ni karibu kloridi ya sodiamu tupu, nawe ukikiyeyusha tena hupati bahari. Matumbawe hujenga mifupa yake kwa kalsiamu, na katika kila lita ya maji ya bahari mna miligramu zipatazo 410 za kalsiamu na karibu 1,290 za magnesiamu. Ya Uvinza hutokana na chemchemi za chumvi za bara, kwa hiyo nayo haina uwiano wa bahari.

Hesabu ya chumvi maalumu haitishi kama inavyodhaniwa. Unahitaji takriban gramu 35 kwa lita, na tangi lako, baada ya mawe kuchukua nafasi yao, litabaki na maji ya lita 95 hivi, yaani kilo tatu na nusu za kuanzia. Ukibadilisha lita 10 kila wiki, utatumia gramu 350, na ndoo ya kilo 20 itakufikisha karibu mwaka. Nunua pia kipimo cha chumvi, uhakikishe maji yanakaa kwenye 1.025, yaani uzito wake ukilinganishwa na wa maji yasiyo na chumvi. Maji yanayopungua kwa kukauka jaza kwa maji yasiyo na chumvi, kwa sababu chumvi haipandi hewani pamoja na mvuke.

Maji hayo ya kuchanganyia yasitoke bombani moja kwa moja, na maji ya mvua yasipitie kwenye mabati, kwani zinki ni sumu kwa konokono na matumbawe. Mimi hununua kwa wauza maji yaliyochujwa kwa mtambo wenye utando, nikitangulia kuwauliza kama huongeza madini baada ya kuchuja.

Fundi wa Uyole

Mwalimu, mimi nizungumzie baridi, kwa kuwa nimeishi nayo. Miamba ya pwani yetu imezoea maji ya nyuzi 25 na zaidi, ilhali usiku wa Juni na Julai hapa Mbeya hushuka chini ya nyuzi 10. Kipimo cha kawaida cha wati moja kwa kila lita hakitoshi katika chumba kisicho na joto. Kwa tangi lako tumia wati 200. Nunua hita mbili za wati 100 badala ya moja kubwa, ili moja ikiharibika usiku, nyingine izuie maji yasipoe ghafla, na ikigoma kujizima isiwe na nguvu ya kuwachemsha samaki. Vipande vya maboksi meupe mepesi ya kusafirishia samaki, ukivibandika nyuma, pembeni na chini ya tangi, vitakupunguzia bili ya umeme.

Jambo la pili halitajwi katika maelekezo yanayoandikwa na watu wa pwani. Mbeya iko mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, na mgandamizo wa hewa hapa ni karibu asilimia 82 tu ya ule wa Dar es Salaam. Oksijeni inayoweza kuyeyuka majini hupungua kwa kiwango hichohicho, na maji ya chumvi yenyewe hubeba oksijeni kidogo kuliko maji baridi. Kwa hiyo elekeza pampu moja juu, uso wa maji utikisike wakati wote, na uweke samaki wachache kuliko wanaoshauriwa; wawili wadogo wanatosha. Umeme ukikatika, oksijeni huisha kabla ya joto. Pampu ya hewa inayotumia betri ni ya lazima, ikibidi hata taa ya bei kubwa isubiri.

Mzaliwa wa Kilwa, sasa Njombe

Mwalimu, tafadhali usiokote mawe ufukweni. Nimekulia mahali ambapo matumbawe yalichomwa kuwa chokaa, na najua mwamba uliobomolewa hukaa miaka mingi bila kurudi. Mafia ni hifadhi ya bahari tangu 1995, na matumbawe yote magumu yamo katika Kiambatisho cha II cha CITES, mkataba wa kimataifa unaodhibiti biashara ya viumbe walio hatarini. Chochote utakachonunua, muuzaji akuoneshe kibali.

Mawe unaweza kuyatengeneza mwenyewe. Changanya sehemu moja ya saruji na sehemu nne za makombe yaliyosagwa, yale yanayouzwa kwenye maduka ya vyakula vya kuku, na hapo ndipo chumvi yako ya Bagamoyo itakapofaa: tia konzi kadhaa za chumvi ya mawe, ambayo itayeyuka baadaye na kuacha matundu. Mawe yakishakauka, yaloweke kwa wiki sita au zaidi, ukibadilisha maji mara kwa mara, hadi pH ya maji yaliyokaa nayo siku tatu isizidi 8.5. Usiharakishe hatua hii, kwa sababu saruji changa huchoma kila kilicho hai.

Kisha weka tangi, tia kipande cha kamba wa baharini mbichi kioze, upime amonia na nitriti, sumu zinazotokana na uozo huo. Bakteria wanaoziondoa sumu hizo huchukua wiki nne hadi nane kuongezeka, na vipimo vyote viwili vikirudi sifuri ndipo umtie samaki wa kwanza. Anza na matumbawe laini yenye umbo la uyoga, ambayo hayadai mwanga mkali. Na mawe yoyote yenye viumbe hai usiyachemshe kamwe, maana baadhi ya viumbe hao wana sumu kali ambayo mvuke wake umewahi kuwalaza watu hospitalini.

Mwalimu wa Soweto, Mbeya

Nawashukuru sana. Wanafunzi wataanza na mawe ya saruji, na kupima pH litakuwa somo lao la kemia muhula huu. Swali la mwisho: samaki watakapofika kwa basi kutoka Dar es Salaam, niwapokeeje?

Mama wa Kihesa, Iringa

Mwambie muuzaji asijaze mfuko hewa hadi ukakaza. Mfuko uliofungwa pwani hutanuka kadiri basi linavyopanda Kitonga, na ukifika Mbeya hewa iliyomo inataka nafasi kubwa kwa karibu moja ya tano zaidi ya ilivyokuwa. Uliojaa sana hupasuka. Mwombe pia akuandikie kiwango cha chumvi cha maji yake, nawe uandae ndoo yenye kiwango hichohicho. Mfuko uelee kwenye ndoo dakika 20 ukiwa bado umefungwa ili joto lilingane, kisha fungua na umhamishe samaki mara moja kwa wavu. Baada ya safari ndefu maji ya mfukoni huwa na amonia nyingi, ambayo huzidi ukali pindi hewa safi inapoingia, kwa hiyo usiyamimine kwenye tangi wala usimwache samaki humo ukimzoesha taratibu.