Debian 12: sudo haipo, su haisaidii, apt inadai diski. Nirudie kuinstoli?

kitasa_3
Wakuu, habari za leo. Nimeinstoli Debian 12 (aina ya Linux) kwenye desktop ya zamani kwa flashi yenye ISO ya DVD. Hakuna madirisha, ni terminali tupu, nataka iwe seva ndogo ya mafaili ofisini. Kwenye kuinstoli niliweka nenosiri la root (msimamizi mkuu wa mashine), kisha nikaunda mtumiaji neema. Sasa nikijaribu sudo (amri ya kumpa mtumiaji wa kawaida mamlaka ya root):

`neema@seva:~$ sudo apt update`
`-bash: sudo: command not found`

Nimeingia root kwa `su` (amri ya kubadili mtumiaji), nikaandika usermod (ya kurekebisha akaunti ya mtumiaji), jibu ni lile lile: `command not found`. `apt update` (apt ndiyo inayoleta programu) inalalamikia cdrom, na leo asubuhi imeongeza hii: `Release file ... is not valid yet (invalid for another 9h 12min)`. Nifute nianze upya?

nyaya_na_nati
Usifute kitu mkuu, mashine yako ni nzima.

Programu ya kuinstoli Debian ina utaratibu wake: ukijaza nenosiri la root, haiweki sudo. Ukiacha nafasi ile tupu, inaweka sudo na kumwingiza mtumiaji wa kwanza kwenye kundi la sudo. Wewe ulijaza, ndiyo maana.

Kuhusu `su`: bila kistari unapata mamlaka ya root lakini unabaki na PATH ya neema (orodha ya folda ambamo amri hutafutwa), ambayo haina `/usr/sbin`, na usermod inakaa humo. Ni hivyo tangu Debian 10, na maelekezo mengi ya zamani mtandaoni hayalijui hilo. Andika hivi:

`su -`
`nano /etc/apt/sources.list`

Mstari unaoanza na `deb cdrom:` uwekee `#` mbele. Hakikisha mitatu hii ipo:

`deb http://deb.debian.org/debian bookworm main non-free-firmware`
`deb http://deb.debian.org/debian bookworm-updates main non-free-firmware`
`deb http://security.debian.org/debian-security bookworm-security main non-free-firmware`

Kisha:

`apt update`
`apt install sudo`
`usermod -aG sudo neema`

Hiyo `a` usiisahau. `-G` peke yake haiongezi kundi, inabadilisha orodha nzima. Ukimaliza, toka kabisa (`exit` mara mbili) uingie tena kama neema, kwa sababu makundi husomwa wakati wa kuingia tu. Andika `groups`. Ukiona sudo kwenye orodha, umemaliza.

saa_nane_kamili
Mkuu hapo juu yuko sahihi, ila hiyo `apt update` itagoma tena kama saa haijarekebishwa. Anza na saa.

"Not valid yet" maana yake saa ya mashine iko nyuma: apt inaona faili limetiwa saini kesho. Kwenye desktop ya zamani mshukiwa wa kwanza ni betri ya ubao mama, ile ya mviringo CR2032 ya volti 3. Ikiisha, saa inasimama umeme ukikatika. Huoni mwaka 2010 kwa sababu systemd-timesyncd (huduma inayolinganisha saa kupitia mtandao) huweka kumbukumbu ya muda wa mwisho na haikubali kurudi nyuma zaidi ya hapo. Kwa hiyo unachelewa kwa kadiri mashine ilivyokuwa imezimwa. Muda huo wa saa tisa na dakika kadhaa unafanana sana na usiku mmoja wa ofisi kufungwa.

`timedatectl set-timezone Africa/Nairobi`
`timedatectl`

(Kenya, Tanzania na Uganda zina saa hizo hizo, jina la Nairobi lisikusumbue. Na usomaji ni wa kizungu: 14:00 ni saa nane mchana.)

Tazama mstari wa `System clock synchronized`. Ukisema `no` na intaneti ipo, mtandao wa ofisi huenda umefunga UDP 123 (mlango wa NTP, njia ya kulinganisha saa mtandaoni). Muulize anayesimamia mtandao kama wana seva ya saa ya ndani, uiandike kwenye `NTP=` ndani ya `/etc/systemd/timesyncd.conf`, kisha `systemctl restart systemd-timesyncd`. Kwa leo, weka kwa mkono, ukiandika tarehe na saa ya sasa:

`timedatectl set-ntp false`
`timedatectl set-time "2025-03-04 08:40:00"`
`timedatectl set-ntp true`

Usipoizima ntp kwanza, itakataa. Na betri ibadilishwe, vinginevyo kila umeme ukikatika tutaonana hapa.

kitasa_3
Nawashukuru sana wakuu. Saa imekaa, apt imepita, sudo inafanya kazi. Ila nimeteleza: niliandika `usermod -G sudo neema`, bila a. `groups` sasa inaonyesha neema na sudo tu.

nyaya_na_nati
Inarudi. usermod ikigusa `/etc/group` huacha nakala ya awali yenye kistari mwishoni. Kama hujabadilisha makundi tena wala kuinstoli kitu kingine tangu hapo:

`sudo diff /etc/group- /etc/group`

Mistari inayoanza na `<` yenye neema ndiyo makundi uliyopoteza. Kwa kawaida ni cdrom, floppy, audio, dip, video, plugdev, users na netdev. Yarudishe kwa mkupuo, bila nafasi baada ya mkato:

`sudo usermod -aG cdrom,floppy,audio,dip,video,plugdev,users,netdev neema`

pwani_root
Nyongeza moja kabla hujaipeleka seva chumbani na kuanza kuiingia kwa ssh (terminali ya mbali kupitia mtandao). Ukiweka ufw (firewall, kinga ya mtandao), `sudo ufw allow OpenSSH` itangulie `sudo ufw enable`. Ukiigeuza hiyo ukiwa mbali, huenda ukajifungia nje, na dawa ni kubeba skrini na kibodi kwenda chumbani. Ukihariri `/etc/ssh/sshd_config`, endesha `sudo sshd -t` kwanza (ikiwa kimya, faili halina kosa la kuandika), halafu `sudo systemctl restart ssh`. Dirisha la ssh ulilo nalo usilifunge mpaka la pili liingie.