Minyoosho ipi ichaguliwe baada ya mazoezi ya vyuma?

Mnyanyuaji Mpya
Habari zenu, ndugu. Ninanyanyua vyuma jioni baada ya kazi, siku moja miguu na mgongo, siku nyingine kifua na mabega, na kutwa nzima huwa nimekaa mbele ya kompyuta. Nikimaliza hubakiwa na dakika kumi hivi kabla ukumbi haujafungwa, lakini kila mwalimu wa video za mtandaoni ana orodha yake ndefu ya kunyoosha misuli. Naomba kuelekezwa ni ipi ya kuchagua, na iwapo kweli itapunguza maumivu ya kesho yake, ambayo hunisumbua zaidi ninaposhuka ngazi.

Kocha wa Jioni
Karibu sana. Chagua kwa kuangalia misuli iliyofanya kazi siku hiyo, kisha uongeze ile inayokazwa na kukaa. Ukishikilia kila mnyoosho sekunde 30, mara mbili kila upande, mmoja utachukua dakika mbili, kwa hiyo dakika zako kumi zinatosha minyoosho minne pamoja na kupumua kati yake.

Siku ya miguu ningeanza na sehemu ya mbele ya nyonga: piga goti moja chini, mguu mwingine uwe mbele, kaza kalio la upande wa goti lililo chini, halafu sogeza kiwiliwili mbele kidogo bila kupinda kiuno. Watu wengi hupinda kiuno wakidhani wamefika mbali, kumbe msuli wenyewe haujavutika. Kwa misuli ya nyuma ya paja, lala chali na uinue mguu ulionyooka kwa kutumia taulo au mkanda. Baada ya kunyanyua chuma kizito kutoka sakafuni, naona hilo ni salama zaidi kuliko kuinama kugusa vidole wakati mgongo umekwisha kuchoka. Malizia na mapaja ya mbele na vigimbi. Siku ya kifua, egemeza mkono kwenye fremu ya mlango na ugeuze mwili taratibu upande wa pili.

Fizio
Nakubaliana na Kocha, ila kuhusu maumivu tusimpe ndugu yetu matumaini ya bure. Mapitio ya mwaka 2011 ya Cochrane, mtandao wa kimataifa unaochambua tafiti za afya, yaliyojumlisha tafiti 12, yalionyesha kwamba kunyoosha baada ya mazoezi hupunguza maumivu ya siku inayofuata kwa takriban pointi moja tu katika kipimo cha pointi 100, kiasi ambacho mtu hawezi hata kukihisi. Maumivu hayo hutokana zaidi na kazi ambayo msuli huifanya huku ukirefuka, kama unapojishusha katika skwati, yaani zoezi la kuchuchumaa na kuinuka ukiwa na chuma, na kushuka ngazi humtesa mtu kwa sababu mapaja ya mbele yanarudia kazi ileile. Dawa yake ni kuongeza uzito kidogokidogo; mwili ukizoea zoezi, maumivu hupungua wenyewe. Nyoosha kwa ajili ya wepesi wa viungo, na hapo faida ipo.

Mzee wa Skwati
Mimi ningepunguza hata hiyo minne. Anayeshuka chini kabisa katika skwati na kupandisha chuma kwa urefu wote wa mwendo wa kiungo tayari anajinyoosha akiwa kazini. Jipime kwanza: visigino vikinyanyuka unapochuchumaa, shughulikia vigimbi, goti likiwa limenyooka kisha likiwa limepinda, kwa kuwa misuli inayovutika si ileile. Pasipo na ugumu, pumzika na uende nyumbani.

Mnyanyuaji Mpya
Ahsanteni. Visigino vyangu hunyanyuka kweli. Swali dogo: nikifanya ule mnyoosho wa mlangoni, nahisi kitu kinabana mbele ya bega, na wakati mwingine vidole hufa ganzi.

Fizio
Mvuto unapaswa kusikika katikati ya kifua, si kwenye kiungo chenyewe. Teremsha kiwiko kiwe chini kidogo ya usawa wa bega na upunguze kugeuza mwili. Ganzi ni dalili kwamba mshipa wa fahamu unavutwa au unabanwa, kwa hiyo acha mara moja inapoanza. Ikijitokeza hata usipokuwa unanyoosha, nenda ukapimwe bega na shingo kabla ya kurudia mazoezi ya kifua.