Picha dhahania kwa simu: ndoo nyekundu na ya kijani zimenitoka rangi moja

Binti Nondo

Habari za mchana jamani. Nakaa dukani kwa kaka yangu, vifaa vya ujenzi, hapa Ngamiani, Tanga. Kuanzia saa sita hadi saa tisa wateja hukatika, nami nabaki na simu yangu, Tecno ya bei ya kati. Kioo kina ufa ila jicho la kamera ni zima.

Yote yalianzia kwenye mabomba. Tulishusha mabomba ya plastiki ya inchi mbili, tukayalaza ukutani midomo ikielekea mlangoni. Asubuhi jua likaingia. Nikasogea, nikapiga midomo tu, nikaondoa rangi. Mwanangu wa darasa la nne akaitazama, akauliza, "Mama, nyuki wa humu wameenda wapi?" Sikumjibu. Tangu siku hiyo napiga kila kitu dukani, mradi mtu asijue ni nini: mgongo wa bati, kivuli cha waya wa kuku juu ya mfuko wa saruji, chokaa iliyomwagika ikakanyagwa na ndala.

Sasa jana nilipanga ndoo, nyekundu, kijani, nyekundu, kijani, mpaka juu. Kwenye rangi zinapigana vizuri mno. Nilipogeuza nyeusi na nyeupe zote zikawa majivu, huwezi kujua ndoo moja inaishia wapi na nyingine inaanzia wapi. Na bati pia, asubuhi lilikuwa na mawimbi kama bahari, saa saba mchana limekuwa sinia. Nakosea wapi?

Mvuvi wa Likoni

Dada, kwanza futa lensi. Usicheke, nusu ya ukungu kwenye picha zangu za mwanzo ulikuwa mafuta ya viazi karai.

Pili, usipige kwa rangi halafu ugeuze. Weka kamera kwenye nyeusi na nyeupe kabla hujapiga, ndipo utaona kwenye kioo kile utakachopata, na zile ndoo ungeziacha palepale. Tatu, bonyeza kidole pahali penye mwanga mkali, ukishikilie mpaka kipimo cha mwanga kijifunge, halafu vuta mwanga chini. Simu inapenda kuonyesha kila kitu kilichoko kivulini. Wewe hutaki. Ukitaka mtu asijue ni bomba, acha giza limeze bomba lote libaki midomo.

Na usivute picha kwa vidole viwili. Sogea kwa miguu.

Kijana wa Mikanjuni

Bati geji 30 mnauzaje?

Binti Nondo

@Kijana wa Mikanjuni njoo dukani kaka, hapa tunaongea sanaa 😂

Mzee wa Chumba cha Giza

Mvuvi amesema kweli, ila mimi siafiki hilo la kupiga bila rangi. Tumia kioo cha nyeusi na nyeupe kutazamia, lakini picha ya rangi ibaki nayo, maana ndiyo negativu yako, picha ya asili. Utaiona faida yake hapo chini.

Nilifanya kazi studio ya picha kuanzia 1979 mpaka picha za rangi zilipotuondoa sokoni. Mteja akija na shati jekundu mbele ya pazia la kijani tulikuwa tunamhamisha, hatumwambii kwa nini. Jicho linatenganisha nyekundu na kijani kwa rangi yake. Ukishaitoa rangi kinachobaki ni wingi wa mwanga tu, na ndoo zako mbili zinarudisha mwanga karibu sawasawa.

Dawa yake zamani ilikuwa kioo cha rangi mbele ya lensi. Filta nyekundu inapitisha nyekundu na kuzuia kijani, kwa hiyo chekundu kinatoka cheupe na cha kijani kinakuwa cheusi. Anga la bluu nalo hufanywa zito, mawingu yakasimama. Leo filta hiyo unayo bure ndani ya Snapseed, programu ya simu ya kurekebishia picha: ingia kwenye zana ya nyeusi na nyeupe, sehemu ya rangi ya filta, uchague nyekundu. Halafu jaribu kijani, ndoo zitabadilishana zamu. Ila kama picha haina rangi tangu mwanzo, filta haina cha kuchuja. Ndiyo maana nikasema usiitupe.

Bati ni jambo jepesi: jua la utosi halina kivuli cha kukupa. Ngoja saa kumi na nusu, ulilaze ili mwanga uyakate mawimbi kwa ubavu.

Na kwa kuwa unakaa duka la ujenzi, nikupe zoezi. Mwaka 1917 huko London, mpiga picha Alvin Langdon Coburn alifunga vioo vitatu vya kujitazamia pembetatu, akapigia picha humo. Kitu kikavunjika vipandevipande, na hizo zikawa miongoni mwa picha za kwanza za kamera zilizofanywa kwa makusudi zisiwe picha ya kitu. Fundi kioo hakosi mabaki. Angalia vidole.

Binti Nondo

Shikamoo mzee. Narudi na matokeo ya siku mbili.

Ndoo: filta nyekundu, ziko kama funguo za kinanda! Ya kijani sikuipenda, sijui kwa nini, nyeupe yake imepoa.

Vioo: jirani yetu wa aluminiamu kanikatia vipande vitatu, upana wa vidole vinne, nimevizungushia selotepu. Nikamwaga misumari ya inchi tatu mezani nikapiga kupitia humo. Picha tano za kwanza nilijipiga pua. Ya sita imetoka kitu kama mwiba wa nungunungu unaojifungua ndani yake, mpaka nami nimesahau ni misumari. Lakini ina mistari myeusi imelala picha nzima, kama pazia la mianzi. Mwanzo nikadhani ni vioo.

Kisha akaja mteja anataka misumari ya inchi tatu, kilo moja. Nilikuwa nayo ileile mezani. Nikampimia.

Mzee wa Chumba cha Giza

Marahaba mwanangu. Mistari hiyo ni ya taa yako ya dari. Taa nyingi za LED zinawaka na kuzima upesi kuliko jicho, na simu inasoma picha mstari kwa mstari, kwa hiyo inazinasa zikiwa zimezima. Zima taa, sogeza meza mlangoni. Na hiyo yenye mistari usiifute, iweke hapa tuione.