Mwalimu kamkata mpwa wangu alama 6 kwa kuandika bei_sambaza. Python yenyewe haikulalamika!

Wakuu, niko Bukavu, na leo hata salamu sina. Nina hasira.

Mpwa wangu anasoma Python, lugha ya kuandikia programu za kompyuta, kwenye kituo kimoja cha hapa mjini. Jina la kituo silitaji, maana pesa tulishalipa na cheti bado wanacho wao. Jumatatu karudi na karatasi ya mtihani: 9 juu ya 20. Nikaipitia mstari kwa mstari. Programu inakwenda, jibu linatoka sawa. Alama 6 zimekatwa mahali pamoja tu, kwa wino mwekundu, na pembeni pameandikwa "noms non conformes". Yaani majina hayafai. Majina yenyewe ni haya:

bei_sambaza = 5000
kilo = 3
jumla = bei_sambaza * kilo

Basi, kosa ndilo hilo! Mama yake anauza sambaza, wale samaki wadogo wa Ziwa Kivu, soko la Kadutu, mtoto kaandika kitu anachokiona kila siku kwenye beseni.

Nikampigia mwalimu, kwa heshima zote: "Papa mwalimu, naomba unioneshe kosa liko wapi." Kanijibu kwamba variabo (jina unalolipa thamani ndani ya programu, kama kilo hapo juu) haiandikwi Kiswahili, lazima iwe Kifaransa au Kiingereza, "ni sheria ya Python". Nikamuuliza sheria hiyo ameisoma wapi. Akasema ana wanafunzi wanamsubiri.

Haya, mimi naandika programu za hesabu za maduka, Python ndiyo inanilisha. Sheria zake za majina unazimaliza kabla chai haijapoa. Jina lianze na herufi au mstari wa chini (_), kisha uendelee na herufi, tarakimu au mistari ya chini. Usiache nafasi katikati. Usiweke kistari cha kawaida, kwa sababu hicho ni alama ya kutoa, na bei-sambaza kwake ni "bei, toa sambaza". Bei ya B kubwa na bei ya b ndogo ni vitu viwili tofauti (wanaojifunzia kwenye simu hii wanaijua vizuri, simu inajikuzia herufi ya kwanza yenyewe halafu unakesha unatafuta kosa). Na kuna maneno kama 35 ambayo lugha imejiwekea, hayo huruhusiwi kuyafanya jina. Kwisha. Kiswahili kimekatazwa wapi hapo?

Sasa sikieni kichekesho. Huko darasani aliwapa zoezi la mnunuzi wa dhahabu: gramu ngapi, bei ya gramu, jumla. Kifaransa tu. Kijana mmoja akaandika, kwa utiifu kabisa:

or = 12

Mashine ikamtemea SyntaxError, yaani umekosea sarufi ya lugha. Akafuta, akaandika tena, ikamtemea tena. Mwalimu kaja, kaangalia, kamwambia kompyuta imechoka, aizime na kuiwasha! Jamani, dhahabu kwa Kifaransa ni or, na or ni mojawapo ya yale maneno 35, maana yake "au". Hata uiwashe mara mia haitakubali. Angeandika prix_or ingepita, kwa sababu neno linakatazwa likiwa peke yake tu. Angeandika dhahabu, wala tusingekuwa na hadithi. Katika mji huu, ambao kila mtu ana binamu aliyewahi kwenda Kamituga kutafuta dhahabu, mwalimu hajui kwamba or haipiti?

Si hilo tu. Karatasi yake mwenyewe ya majibu ninayo hapa. Ameandika sum = 0, halafu mistari minne chini anaita sum(...) ajumlishe orodha. Neno sum halimo kwenye yale 35, ndiyo maana Python inakuachia ulitumie, lakini ni funksheni, yaani amri iliyo tayari ndani ya Python, ya kujumlisha, na ukishalifanya sifuri umejichomea nyumba: 'int' object is not callable, yaani hiyo sasa ni namba, huwezi kuiita kama funksheni. Mpwa wangu aliandika jumla na hakugongana na kitu. Nimekaa jana usiku natafuta neno la Kiswahili lililo tayari ni jina la kitu ndani ya Python. Nimepata bin tu, ile ya Ali bin Juma. Inageuza namba kuwa 0 na 1. Basi tukubaliane, asiandike bin.

Najua mtakuja kuniambia kuhusu PEP 8. Nimeisoma. Ni mwongozo wa mtindo, wa mwaka 2001, na Guido van Rossum aliyeitengeneza Python ni mmoja wa walioutunga. Inasema majina yawe ya Kiingereza kwa kadiri inavyowezekana, ndiyo, lakini inasema hivyo kuhusu maktaba rasmi ya Python yenyewe, yaani programu zinazokuja pamoja nayo. Beseni la sambaza la dada yangu halimo kwenye maktaba rasmi ya Python. Kwenye maoni, yale maelezo ya kusomwa na watu tu ndani ya programu, wanaomba Kiingereza, isipokuwa una hakika asilimia 120 kwamba hakuna asiyejua lugha yako atakayesoma programu hiyo. Dada yangu anayo hiyo 120, na zaidi.

Mwalimu akitaka darasa zima liandike kwa namna moja, sawa, ni darasa lake. Na mtoto akija kuajiriwa na watu wa mbali atabadilisha. Ila aseme "mimi ndiye ninayetaka". Asimsingizie Python.

Kitu kilichostahili kufundishwa kwa nguvu hakukigusa. Klavie (kibodi) zetu hapa ni za Kifaransa. Safu ya juu, kitufe cha 2 ukikibonyeza hivihivi kinatoa é, hadi ushikilie cha herufi kubwa ndipo upate 2. Mtoto alitaka kuandika bei2, akaandika beié. Python 2 ya zamani ingekataa palepale. Python 3, tangu 2008, inakubali herufi zenye alama, kwa hiyo ikapokea beié kimya, jina halali kabisa. Mistari kumi mbele akaandika bei2 vizuri, ikamwambia name 'bei2' is not defined, yaani jina hilo halijui. Saa nzima, machozi yanamlengalenga, "mjomba, si hii hapa nimeiandika?" Na kioo cha ile mashine kimekwaruzika, é na 2 unazitofautisha kwa kuinama. Suluhisho la mwalimu? Kapiga marufuku tarakimu kwenye majina. Sheria nyingine ya Python, bila shaka.

Nataka alama 6 zirudi. Aliyewahi kushinda rufaa ya namna hii aniambie alianzia wapi.

NYONGEZA, saa tatu usiku: mwalimu kapiga simu. Atarudisha alama 3 mtoto akiandika upya kwa Kifaransa. Mtoto kashika kalamu, kaandika prix_, kasimama. "Mjomba, sambaza kwa Kifaransa ni nini?" Nimewauliza watu watatu wanaokijua Kifaransa kuliko mimi. Wote wamenijibu: sambaza.